Sare Aliyoomba Torgny

Torgny Hedlund alikuwa hodari wa kusema ukweli wa wengine. Wake mwenyewe haukuwahi kumsumbua mpaka alipokaribia kustaafu. Alifundisha useremala katika shule moja ya Arvika kwa miaka mingi, na mtoto akimletea kigoda alichokitengeneza kwa jasho lake, Torgny hakumwambia umejitahidi. Alikikalia, kikayumba, akasema, "Kinayumba," akakirudisha. Watoto walimwona mkali. Walipokuwa watu wazima wenye viti vyao wenyewe walimsifu, na yeye alizipokea sifa hizo kama mtu anayelipwa haki yake.

Kitu cha pili kilichomfanya ajulikane mjini ni sataranji. Aliwahi kuwa bingwa wa klabu yetu, zamani kidogo, wakati nywele zake bado nyeusi. Ubingwa wenyewe ulishachukuliwa na wengine watatu, lakini yeye aliendelea kutembea nao. Aliingia klabuni kila Alhamisi jioni, akavua kofia, akasimama nyuma ya meza ya mtu na kuguna. Kuguna kwake kulitosha kumharibia mtu usingizi.

Majira ya baridi ya mwaka 1986 klabu iliombwa msaada na watu wa Stockholm waliojipa kazi ya kupima mashine za sataranji. Siku zile mashine hizi zilikuwa zimejaa madukani, visanduku vyenye ubao juu na taa ndogo nyekundu pembeni, na kila kiwanda kiliandika kwenye boksi lake namba ya kiwango iliyompendeza mwenye kiwanda. Wapimaji walijaribu kuzipambanisha mashine zenyewe kwa zenyewe, lakini hiyo ni sawa na wanafunzi kusahihishiana mtihani: unapata kujua nani amemzidi nani, hujui kama kuna hata mmoja aliyefaulu. Namba ya haki ingepatikana kwa njia moja tu. Mashine iingie kwenye mashindano ya kawaida, ikae mbele ya watu wanaotaka kushinda, ishinde na kushindwa kama mwanachama, kisha ihesabiwe kama anavyohesabiwa mwanadamu.

Mwenyekiti wetu, Birger Nyström, mfamasia, aliipokea kazi hiyo kama vile amekabidhiwa sumu aipime. Alikataza meza ya mashine isiwekwe karibu na kipasha joto. Alikataza watu kuisemesha. Alimwendea kila mchezaji na kumuuliza kama anakubali kupangiwa na mashine, maana hakutaka mtu alazimishwe kisha acheze kwa hasira na kuiharibu hesabu. Wazee wawili walikataa, wakasema hawakuja klabuni kupigwa na redio.

"Waandike waoga," Torgny alisema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye makoti yaliyotundikwa mlangoni. "Mimi nipangie hata leo. Kikokotoo kitanifanya nini?"

Ikabaki kumpata mtu wa kuikalia mashine. Sanduku halina mikono. Mtu hukaa upande wake wa meza, anasoma taa, anasogeza kete, anabonyeza saa, anaandika. Hafikiri kwa niaba yake. Mashindano yalikuwa ya Jumapili, na wanachama wote walikuwa wakicheza; hapo ndipo Gunvor, mke wa Torgny, aliposema kwamba yeye Jumapili hana kazi.

Gunvor alikuwa msaidizi wa daktari wa meno, mwenye mikono isiyotetemeka na uso usiosema mengi. Sataranji alizijua hatua tu. Kwa miaka yote ya ndoa Jumapili za baridi alizipitisha peke yake na redio, na sasa akajikuta ana kiti chake mwenyewe katika ukumbi ule, na watu wanamngoja yeye ndipo waanze. Alinunua kitambaa cha kijani cha kulifunikia sanduku. Ove Sandell, kinyozi, ambaye sanduku lilimpiga mzunguko wa pili, alimbandika jina la Bibi Sanduku.

"Bibi Sanduku, na leo umeamka vibaya?" alimuuliza kila Jumapili.

"Mimi nimeamka vizuri, Ove. Mwenzangu ndiye simjui," alijibu, na ukumbi mzima ukacheka. Torgny naye alicheka, huku akishangaa kidogo, kwa maana nyumbani hakuwahi kumsikia akitania hivyo.

Kanuni moja ilimhusu Gunvor kuliko zote. Mchezaji akiomba sare, sanduku haliwezi kumsikia. Anayesikia ni aliyelikalia. Kwa hiyo Birger aliamua hivi: pembeni ya sanduku kuna kidirisha kinachoonyesha mashine inajionaje, mbele au nyuma. Kikionyesha iko mbele, hata kwa nusu ya askari mmoja, kete ndogo kuliko zote, jibu ni hapana. Kikionyesha mambo ni sawa, Gunvor anaruhusiwa kutoa mkono, yaani kukubali. Kidirisha kilielekezwa upande wake, mchezaji asikione.

Mzunguko wa mwisho ukafika, alama zikapangwa, na Torgny akaangukia mashine. Utashangaa kwamba watu waliopima umbali wa meza na kipasha joto hawakuliona lililokuwa mbele ya macho yao. Mtu mmoja alinong'ona kwamba hawa ni mke na mume. Birger akamtazama kama mtu asiyesoma kanuni.

"Gunvor hachezi," alisema. "Anayecheza ni sanduku."

Na ndivyo tulivyoona sote. Tulikuwa tumezoea kumhesabu Gunvor kuwa sehemu ya meza.

Torgny alianza vizuri. Alisikia kwamba mashine hupotea njia ubao ukifungwa, basi akaufunga, askari kwa askari, mpaka hakukuwa na pa kupitia. Mbele yake Gunvor alisoma taa, akasogeza, akabonyeza. Hakumtazama, na yeye hakumtazama. Ove alisimama nyuma ya kiti cha Gunvor na mikono mfukoni. Watu wakazidi kukusanyika, kwani Torgny alikuwa amejipigia debe majira mazima.

Kusubiri kulimshinda. Mchezaji aliyeufunga ubao anapaswa kukaa kitako na kungoja, lakini nyuma yake kulikuwa na watazamaji, na kungoja hakuna sifa. Akamtuma farasi pembeni, kwa mbwembwe, na watu wawili wakaguna kwa kuridhika. Taa zikawaka. Gunvor akasogeza askari mmoja tu, hatua moja, na Torgny akaona kwamba farasi wake hana pa kurudi.

Masikio yakamwaka moto. Akampoteza farasi kwa askari mmoja, kisha ngome ya mashine ikaingia katikati, na mfalme wake akabaki uchi. Aliinua macho, na kwa mara ya kwanza siku ile akamtazama mkewe usoni. Aliujua uso ule. Gunvor aliwahi kumweleza kwamba akiona jino lisilo na tiba hubana midomo na kuinamisha macho, ili mgonjwa asije akayasoma kabla ya daktari kusema. Alikuwa amebana midomo.

Nyuma ya Gunvor, Torgny aliona mdomo wa Ove ukianza kujiandaa kwa utani. Akawawazia wale wazee wawili aliowaita waoga. Akawaza Jumatatu, shuleni, chumba cha walimu.

"Gunvor," alisema. "Sare?"

Tusimpambe. Desturi ni kusema sare tu, ukiutazama ubao. Katika mashindano yote hakuna aliyemtaja Gunvor kwa jina akiwa ameketi pale, na Torgny mwenyewe hakuwa amelitaja tangu saa ilipoanza kutembea. Alilitaja kwa ile sauti ya nyumbani, ya mtu anayeomba aletewe blanketi. Alijua sanduku halisikii. Hakuwa akiliomba sanduku.

Gunvor alikitazama kidirisha. Saa ya mashine ilikuwa inakula dakika zake. Kisha akanyoosha mkono juu ya kete, na Torgny akaushika, ukiwa baridi.

Watu wakapiga makofi. Birger akakunja fomu. Ove akasema, "Mwalimu, umetoka mdomoni mwa mamba," akaenda kukata keki. Hapo Torgny angeweza kunyamaza, na kunyamaza kungempunguzia mzigo wa baadaye. Lakini akazungukwa, akapewa kahawa, akaulizwa, akaanza kueleza. Alisema ngome yake iliyobaki ilikuwa na hatari iliyofichika. Alisema sanduku liliona mbali likaogopa. Alionyesha kwa vidole kwenye meza ya keki jinsi ambavyo angejinasua. Walimsikiliza kwa adabu kubwa, wakitikisa vichwa, na kila kichwa kilichotikisika kilimtia moyo wa kuongeza chumvi.

Gunvor alilifunika sanduku kwa kitambaa cha kijani. Walirudi nyumbani kwa miguu, theluji ikilia chini ya viatu.

"Kuna baridi leo," Torgny alisema.

"Ndiyo."

Basi. Hayo ndiyo waliyozungumza.

Alhamisi iliyofuata Gunvor alikuja naye klabuni. Kahawa ilikuwa tayari, watu wamekaa. Birger akasimama na karatasi za mashindano.

"Gunvor, kabla sijazituma Stockholm. Mchezo wa mwisho. Kidirisha kilisemaje ulipokubali sare?"

Torgny alikuwa na kikombe mkononi, kimejaa. Alijua kwamba sasa ndiyo saa yake. Sentensi ilikuwa fupi: nilimwomba mke wangu. Aliiona yote, mwanzo mpaka mwisho, ikiwa imelala ulimini.

"Nilisoma vibaya," Gunvor alisema. Akasubiri kidogo. "Sikuvaa miwani. Nilisoma vibaya, Birger. Naomba radhi."

Gunvor alivaa miwani kwa kushona tu, na tarakimu za kidirisha kile zilikuwa kubwa kama za saa ya stesheni. Torgny alilijua hilo kuliko mtu yeyote mle ndani. Akainamisha kichwa, akanywa kahawa.

"Basi itabidi mashindano ya masika tutafute mtu mwingine," Birger alisema.

"Ni haki," Gunvor alisema. Akakitoa kitambaa cha kijani kwenye mkoba, akakiweka mezani, akaenda kuchukua koti lake.

Siku zilizofuata Torgny aliishi katika nyumba yake kama mpangaji mwenye deni. Alingoja mkewe akasirike. Alitamani amfokee, avunje sahani, apate kumwambia acha kelele na mambo yaishe. Gunvor hakukasirika. Alipika samaki, akakunja nguo, akamuuliza kama atataka supu ya njegere Alhamisi kama kawaida. Torgny akisema ndiyo, alipika. Naye akaacha nusu ya bakuli.

Siku moja alijaribu. "Hukuwa na haja ya kusema uongo," alimwambia, akiwa amempa mgongo, anajifanya anatengeneza bawaba ya kabati.

"Ulitaka niseme nini?" Gunvor aliuliza.

Aliuliza kwa upole, swali la kweli, na akangoja jibu. Torgny alizungusha skrubu mpaka ikagoma. "Bawaba hii imechoka," alisema, na nadhani hakuna siku katika maisha yake aliyojidharau kuliko siku hiyo. Shuleni msichana alimletea kigoda kinachoyumba, naye akashindwa kutamka lile neno lake. Alimwambia umejitahidi. Msichana alishtuka.

Ikafika ile Jumanne ya maandazi ya krimu, kabla ya Kwaresima, ambapo foleni ya duka la mikate hufika barabarani. Torgny alisimama foleni ile kwenye theluji, akanunua mawili makubwa, akayaleta nyumbani kwenye boksi lenye utepe. Alikuwa amepiga moyo konde: leo atasema. Aliyaweka mezani. Gunvor alikaa mbele yake, akaweka mikono mapajani, akamtazama, na Torgny akafungua mdomo.

"Yale ya duka la upande wa mto yalikuwa yamekwisha," alisema. "Lakini haya yana lozi zaidi."

Gunvor aliendelea kumtazama kidogo. Kisha akachukua kijiko, akala andazi lake, akashukuru, akaosha sahani.

Alhamisi, klabuni, Ove alimpiga begani. "Mwalimu, mnunulie mama miwani. Asije akakuletea mguu wa kiti akidhani ni mkate."

Watu walicheka, lakini kicheko kilikatika mapema mno, kama cha watu waliokumbuka msiba. Torgny akaona Birger akimkazia Ove macho. Hakuelewa, lakini akaogopa. Kesho yake, alipotoka shuleni, alikwenda moja kwa moja kwenye duka la dawa.

Duka lilikuwa limejaa mafua. Ilimbidi achukue kikaratasi cha namba na kukaa kwenye benchi kati ya kikohozi na kikohozi, mtu mzima aliyekuja kutubu, akingoja kuitwa kama anayetaka vidonge. Namba yake ilipoitwa, Birger aliinua macho, koti lake jeupe limefungwa mpaka shingoni.

"Nikusaidie nini, Torgny?"

"Si dawa."

Birger alimwachia msaidizi kaunta, akamwingiza chumba cha nyuma, kati ya makabati. Torgny alisema yote akiwa amesimama. Alisema nilishindwa. Alisema nilijua nimeshindwa, na sare sikuiomba mashine, nilimwomba mke wangu, na niliomba kwa sababu ni mke wangu. Miwani ni uongo. Alisema mpaka akaishiwa pumzi.

Birger hakushangaa. Alivua miwani yake mwenyewe akaipangusa.

"Tulijua," alisema.

"Nani?"

"Wote. Ove alikuwa nyuma ya kiti, alikiona kidirisha. Mashine ilikuwa mbele kwa zaidi ya farasi mzima. Alituambia tukiwa tunakata keki."

Torgny akakumbuka keki. Akakumbuka vidole vyake juu ya kile kitambaa cha meza, akionyesha jinsi ambavyo angejinasua, na vichwa vyote vile vikitikisika. Damu ilimpanda usoni mpaka macho yakauma.

"Mliniacha niseme," alisema.

"Ulikuwa unafurahi. Hakuna aliyekuwa na roho ya kukukatiza." Birger alirudisha miwani. "Jumatatu, kesho yake baada ya mchezo, Gunvor alikuja hapa kabla sijafungua. Alisema amevunja kanuni na mchezo ule usihesabiwe. Akaniomba nimuulize mbele ya watu, aseme ni macho yake, ili pasiwe na atakayekuuliza wewe. Mimi sikupenda. Lakini mashine ni lazima ipate namba yake ya haki, na mchezo ulipaswa kufutwa, kwa sababu hii au ile. Nilimpa ile aliyoitaka. Alisema ukija mwenyewe nikwambie yote. Usipokuja, nisiseme kamwe."

Nje, sauti ya msaidizi iliita namba nyingine. Torgny alisimama akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Basi niandikie kwamba nimeshindwa," alisema. "Iandikie mashine ushindi wake. Ni wake. Peleka hivyo."

"Siwezi."

"Birger, nakuomba. Nimekuja mwenyewe."

"Najua umekuja. Lakini mchezo hukuumaliza. Mkono ulipotolewa mfalme wako alikuwa bado amesimama. Siwezi kutuma Stockholm ushindi ambao haukutokea, kwa kuwa wewe sasa unaona aibu. Hiyo nayo ingekuwa namba ya uongo." Alisema bila ukali, kama anavyomweleza mgonjwa kwa nini dawa fulani haipatikani. "Mchezo umefutwa. Kwa mashine haukuwepo, na kwako haukuwepo. Nenda nyumbani."

Kwa hiyo hata kushindwa kwake alinyimwa. Alipita kando ya ziwa lililoganda, akapita mbele ya duka la Ove bila kuinua kichwa, na njia nzima alikuwa akipanga maneno. Safari hii yalipangika. Alipofungua mlango Gunvor alikuwa kwenye korido, koti limevaliwa, anajifunga skafu. Ijumaa hakuwa na desturi ya kutoka.

"Nimetoka kwa Birger," Torgny alisema. "Nimemwambia. Amenieleza." "Nilikuomba kitu ambacho sikupaswa kukuomba, Gunvor. Na uliponisitiri nikakaa kimya. Nimekuonea. Nisamehe."

Gunvor alimaliza kufunga skafu. Uso wake ulikuwa mwema, na wema ule ulimtisha kuliko ukali.

"Nilijua utakuja," alisema. "Nilichokuwa sijui ni kama utakuja kabla sijaacha kungoja."

"Na uliacha?"

"Jumanne ya maandazi," Gunvor alisema.

Alimpita, akimgusa kidogo begani kama mtu anayeomba njia, akateremka ngazi. Torgny alivua viatu, akaviweka kwenye kibao chake, akabaki amesimama koridoni na soksi zake, asijue aingie chumba gani.